Tairi Ambalo Fundi Hakulikata

Swali lake la kwanza kwa mteja halikuwa saizi ya tairi. Lilikuwa, "Unakwenda wapi?" Ukimjibu kwamba umekuja kutafuta matairi na si kuhojiwa, alirudi kukaa kwenye benchi lake, akaongeza sauti ya redio, akakuacha umesimama. Aliwauliza hivyo wenye malori ya mahindi, aliwauliza mapadre, aliwauliza hata vijana wa bodaboda ambao alijua fika kwamba wanakwenda kila mahali. Mtaa wote wa Makanyagio ulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi mtaani, wa redio, wa cherehani, wa baiskeli, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walikuelekeza kwenye kibanda cha bati chenye kompresa nyekundu, na tairi moja kuukuu limening'inia kwenye nguzo ya mlangoni.

Niseme mapema habari ya tairi hilo, ili usisome ukidhani nakuficha kitu. Lilitoka kwenye pikapu iliyomuua kaka yangu. Fundi ndiye aliyekuwa amelichonga. Siku alipolifunga, mimi nilikuwa nimekaa ndani ya pikapu hiyo, nikamsikia akimwonya kaka asipande nalo vilima vya Mwese. Kaka akafa, Fundi akabebeshwa lawama zote, na mimi niliyelisikia onyo nikanyamaza miaka kumi na mitatu. Kwa hiyo mtu ninayemweleza hapa ni mtu niliyemnyima neno moja, huku nikinywa naye chai.

Sijui alizaliwa wapi. Wengine walisema ni Mfipa, wengine Mkonongo, na yeye akiulizwa alisema ni wa hapa hapa kwenye kompresa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na akitoka hakusimama kusalimiana. Mpira wa miguu aliufuata kwenye redio kwa hasira, akimgombeza mtangazaji kana kwamba ndiye aliyekosa goli.

Kama hujawahi kuona tairi likichongwa, ni hivi. Tairi jipya lina mifereji na vinundu, ambavyo sisi tunaviita kashata. Kashata zikiisha, tairi hubaki laini kama kichwa kilichonyolewa, ndiyo maana tunaliita kipara. Mchongaji huchukua kisu chembamba chenye ncha iliyopinda, hukipasha moto mpaka kikate mpira kama sabuni, kisha huchora mifereji mipya juu ya mpira uleule uliobaki. Likimalizika utadhani limetoka dukani jana. Lakini hakuna mpira ulioongezwa. Umepunguzwa. Kila mfereji mpya umesogea karibu zaidi na waya za ndani.

Zamani Fundi alichonga kuliko wote. Watu walitoka mpaka Inyonga wakimletea vipara vyao, na alivichonga kwa mistari iliyonyooka, wakati mwingine akaongeza kaua kadogo pembeni, alama yake. Alikuwa na maringo ya kazi ile. Mtu akilisifia tairi, alijifanya hasikii, kisha akauliza, "Umesemaje?" ili asifiwe tena.

Siku ile nilikuwa nimepangiwa shule ya msingi Mwese, na nilitakiwa kuripoti kabla ya wiki kuisha. Kaka alikuwa na pikapu ya kubeba mizigo ya sokoni, akasema atanipeleka mwenyewe, mdogo wake hawezi kufika kazini na godoro juu ya pikipiki. Tulipitia kwa Fundi kufunga matairi mawili ya nyuma.

"Fundi, umemaliza?" kaka alimhimiza. "Nina mwalimu wa serikali humu. Akichelewa nitafungwa mimi."

Fundi alikuwa amepiga magoti, anakaza nati. "Nimemaliza. Lakini sikia, haya ni ya hapa mjini. Sokoni, stesheni, basi. Mwese usipande nayo. Mvua ikikukuta kule, hayashiki."

"Mvua gani, Fundi? Si unaliona jua hilo?"

Mimi nikadakia kutoka dirishani, "Twende bwana, kaka. Tutachelewa."

Tukaenda. Tulifika salama. Kaka alinishushia godoro, ndoo na sanduku la bati, akaniambia, "Wafundishe vizuri hao watoto, wasije wakawa kama mimi," akacheka kicheko chake cha kujisifu, akageuza gari. Saa tisa mvua ikashuka. Anayeijua mvua ya vilima vile anajua kwamba haikupi muda; udongo mwekundu unageuka mlenda wakati bado unatafuta pa kuegesha. Kwenye mteremko tairi la nyuma la kushoto lilipasuka, pikapu ikayumba, ikaingia korongoni. Kesho yake nilirudishwa nyumbani Nsemulwa, mfuko wangu wa daftari haujafunguliwa.

Fundi alikuja mazikoni. Zamu ya kufukia ilipofika alichukua koleo kama wanaume wengine. Baba akamfuata, akamwondolea koleo mikononi taratibu, bila kelele.

"Weka chini," baba alimwambia. "Kaburi hili ulishalichimba wewe."

Watu wote walisikia. Fundi angeweza kusema, nilimwonya. Shahidi wake alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, amejifunika kanga, analia. Hakusema. Hakunitazama hata mara moja. Alikwenda akasimama mbali, karibu na migomba, mpaka tulipomaliza. Mimi nilijiambia kwamba si siku ya kusema. Kisha nikajiambia si wiki ya kusema. Ukishalichelewesha neno la namna hiyo, kila siku inayopita inakuongezea aibu ya kulisema.

Baada ya matanga, baba aliliweka tairi lililopasuka kwenye toroli, akalisukuma kutoka Nsemulwa hadi Makanyagio, akalibwaga mlangoni kwa Fundi. "Chukua mali yako." Fundi akalitundika kwenye nguzo.

Tangu hapo hakuchonga tena tairi la mtu. Aliuza mapya, na ya mtumba aliyoyakagua mwenyewe. Na akaanza ile tabia iliyomgombanisha na nusu ya mji. Tairi lolote aliloliondoa kwenye gari likiwa kipara, alilikata palepale mbele ya mwenyewe. Alichukua kisu kikubwa, akakimwagia maji ili kiteleze, akalipasua kabla mtu hajafungua mdomo. Vipande viligeuzwa katambuga, zile ndala za matairi ambazo wafugaji wanazipenda, au vyombo vya kunyweshea ndama.

"Mzee, lile nilikuwa nampa shemeji!" dereva mmoja alimpigia kelele siku nikiwa pale.

"Shemeji yako umemkosea nini?"

"Angelichonga!"

"Ndiyo. Sasa atalivaa mguuni. Mwambie achague, mguu wa kulia au wa kushoto."

Watu walicheka, dereva akasonya. Lakini walirudi, kwa sababu tairi alilokuchagulia Fundi lilikuwa halikuaibishi.

Na huyu mtu aliyewagombeza wenzake juu ya vipara, baiskeli yake mwenyewe ilikuwa na matairi yaliyolika mpaka uzi unaonekana. Asubuhi na jioni alipita nayo barabarani akiyumba. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimngoja makusudi. "Fundi! Unakwenda wapi?" walimwuliza wote kwa pamoja. Naye alijibu bila kugeuka, "Nakwenda kuwazika nyie." Katika gari hakupanda. Safari ndefu aliikataa, na ya karibu aliitembea. Niliwahi kumwuliza kama anaogopa. Alisema miguu yake haijawahi kupasuka.

Nilipohamishwa kutoka Mwese kwenda shule ya mjini nilinunua gari dogo kuukuu, na nikalipeleka kwake. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka anitambue anifukuze. Aliniangalia, akafuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Unakwenda wapi?"

Aliniita Mwalimu, jina alilolisikia mara moja tu, siku ile. Nikajibu kwamba nakwenda shuleni kila siku, kwenye lami, na mara mojamoja Mwese kuwaona watu wangu wa shule ile, masika na kiangazi.

"Basi wewe wa njia zote. Vua kiatu."

Mbele ya kibanda palikuwa na sakafu ya saruji ya kuoshea magari. Aliimwagia maji, akanipa ndala iliyolika chini, laini kabisa. "Kanyaga." Mguu ukaponyoka, nikashika nguzo. Kisha akanipa katambuga yenye vinundu vinene, ya kuchungia. Nilidhani itashika. Nayo ikateleza. "Unaona? Watu wanajua vipara vinateleza. Hili la pili hawalijui. Kashata kubwa ni za kuchimba tope. Kwenye lami yenye maji hazina cha kuchimba, na sehemu inayogusa chini ni ndogo." Mwisho akanipa kiatu cha raba chenye mistari mingi membamba katikati na vinundu pembeni. Nikasimama.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, na nimewafundisha walimu wenzangu wengi wanaonunua gari la kwanza. Nawe usiogope, si elimu ngumu. Tairi la mvua kazi yake ni kutoa maji njiani ili mpira uguse barabara. Mifereji mirefu ya kuzunguka ndiyo mitaro yake. Ikiwa unapita lami na vumbi na tope, tafuta la mchanganyiko: katikati kashata zimekaribiana, zina michano midogo midogo ya kushika lami, na pembeni zimeachana ili tope litoke lisigande. Ingiza kijiti cha kiberiti kwenye mfereji. Kikizama kichwa chote na zaidi, bado lina maisha. Kichwa kikibaki nje, agana nalo. Bonyeza mpira kwa ukucha. Ukiwa mgumu kama kwato, limekaa dukani hadi limezeeka, hata kama halijawahi kugusa barabara. Pembeni utaona tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Zisome mwenyewe, usisomewe. Na ukibadilisha mawili tu, Fundi alitaka mapya yakae nyuma, kwa sababu gari likikosa kushika barabara nyuma linageuka lenyewe, na dereva hana la kufanya. Alipofika kwenye jambo hili la nyuma alikuwa analisema akitazama chini.

Mfugaji mmoja mwenye pikapu mpya, Msukuma, alimbishia siku moja. "Mimi nipe yale makubwa, Fundi, yale kama ya trekta."

"Unakwenda wapi, Ngosha?"

"Mnadani. Na huku mjini kwa wakwe."

"Lami na tope, basi si ya trekta."

"Mbona trekta linapita kila mahali?"

"Umeshaliona trekta linakata kona mbio? Wewe unakata kona kama umeiba ng'ombe."

"Ng'ombe ni wa kwangu!"

"Basi endesha kama ni wa kwako."

Yule bwana alicheka mpaka akashika tumbo, akafungiwa ya mchanganyiko. Alipoondoka, Fundi alimfuata mpaka barabarani akiangalia magurudumu, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Alifanya hivyo kwa kila gari. Nilidhani anaikagua kazi yake. Sasa nadhani alikuwa anahesabu waliobaki.

Nyumbani sikumtaja. Baba alipoyasifu matairi yangu nilisema nimeyapata kwenye duka la stendi. Miaka ikaenda hivyo: nikitoka shule napita kibandani, tunakunywa chai ya tangawizi, ananieleza habari za tairi, namweleza habari za watoto, na lile tairi la kaka liko juu yetu kwenye nguzo, limejaa vumbi na tandabui. Mengine yote aliyakata. Hilo hapana. Wageni walidhani ni tangazo la biashara.

Kisha sukari ikampanda, na macho yakaanza kumwacha. Aliendelea kufanya kazi kwa vidole. Aliweza kulipapasa tairi akakwambia limelika upande gani na kwa nini. Lakini tarakimu zile nne hakuweza tena kuzisoma, akawa ananingoja mimi. Jioni moja ya masika iliyopita, nilipomaliza kumsomea, nikabaki nimechuchumaa pale chini. Nilimwona anavyokitafuta kikombe kwa mkono, nikaogopa kwamba atakufa kabla sijasema neno langu.

"Fundi, siku ile nilikusikia."

"Najua, Mwalimu."

"Ulijua?"

"Ulikuwa dirishani. Kioo kilikuwa chini."

"Kwa nini hukunitaja? Pale makaburini ungesema tu, mwulizeni huyu binti."

Redio ilikuwa inatangaza mpira, akaizima.

"Ningesema nimemwonya. Na nani angeniuliza nililoliona? Juu ya pikapu palikuwa na godoro jipya, ndoo, na sanduku la bati. Mtu haendi sokoni na godoro la kulalia, Mwalimu. Nilijua mnakwenda wapi. Sikuuliza. Ningeuliza mngenijibu, na mngenijibu ingenibidi niyafungue matairi. Na nilikuwa nimeyachonga vizuri mno." Akasugua magoti yake. "Nikasema polepole, nimeinamia nati. Hivyo ndivyo mtu anavyoonya asipotaka kusikiwa."

Nililia. Nikamwomba anisamehe.

"Mimi umeniambia nini nisichokijua? Mimi nilikuwepo," alisema. "Nenda kamwambie ambaye hakuwepo."

Baba alikuwa amekaa ukumbini, anachambua maharage ya mbegu kwenye ungo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Alisema maneno gani?"

Nikamrudia maneno.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema twende, tutachelewa."

Aliokota punje mbovu, akaitupa nje. "Miaka yote hii," alisema, "ukaniacha nimchukie peke yangu." Akaweka ungo chini, akaingia chumbani.

Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne, Jumamosi, nilimkuta uani amevaa koti lake la kanisani. "Nipeleke," akaniambia. Kabla ya kupanda alizunguka gari, akainama kwenye tairi la nyuma. "Haya alikufungia yeye?" Nikasema ndiyo. Akalishika kwa kiganja, kama anavyomshika ng'ombe anayetaka kumjua.

Fundi alisikia gari likisimama, akauliza kabla hatujashuka vizuri, "Unakwenda wapi?"

"Siendi popote," baba alimjibu. "Nimefuata tairi langu."

Fundi aliitambua sauti. Aliinuka, akatafuta nguzo kwa mkono, akaipata. "Lipo palepale. Nililitundika tu, lisikae chini."

Baba alilishusha mwenyewe, likamchafua koti lote. Wakakaa kwenye benchi, tairi kati ya magoti yao. Fundi akapitisha vidole kwenye mifereji, polepole, akafika kwenye kaua kadogo pembeni, akasimama hapo.

"Nasikia vipara vya watu unavikata," baba alisema.

"Navikata."

"Hiki mbona hukukikata?"

"Hakikuwa changu."

Baba akauliza kisu kiko wapi. Nilikileta mimi, na kopo la maji. Baba alishika mpini, Fundi akaushika mkono wa baba kumwonyesha pa kuanzia, na mimi nikawa namwaga maji. Waya za ndani zilikuwa ngumu na wao walikuwa wamezeeka. Walikata, wakapumzika, wakakata tena. Walikuwa hawajafika nusu wingu lilipofunika, matone ya kwanza yakapiga kwenye bati.

"Tutamalizia kesho," baba alisema.

Hatukumalizia. Usiku ule Fundi alipelekwa hospitali, na hakurudi kibandani. Kwenye maziko yake baba alishika koleo tangu mwanzo hadi mwisho, hakukubali kupokewa. Tairi liko nyumbani kwetu, limekatwa robo tu, na hakuna anayeligusa.

Lakini jioni ile mvua ilipoanza, nilimwingiza baba garini, nikawasha, nikaanza kurudi nyuma. Fundi alitoka nje ya kibanda. Alisimama wima kwenye mvua, mkono mmoja kwenye nguzo tupu, uso umeelekea sauti ya injini.

"Mwalimu!" aliita. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile, kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto. "Barabara imelowa! Nenda polepole!"

Baba alishusha kioo, mvua ikamwingilia kifuani.

"Tumekusikia, Fundi," akasema. "Tumekusikia."